Molekuli, terahezi au bakteria: uchague njia ipi ya kubebea ujumbe ndani ya mwili?

Mtu aliyekulia Malindi akisikia neno mawasiliano, akili humkimbilia kwenye mawimbi. Si ajabu. Ngomeni, mwendo mfupi tu kaskazini ya mji, kuna kituo cha anga cha Waitaliano, na ni kwenye jukwaa la San Marco, baharini hapo, ndipo setilaiti ya Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970. Basi mwanafunzi akiambiwa kwamba kuna watafiti wanaotaka vifaa vidogo kuliko chembe ya damu viwasiliane ndani ya mshipa, swali lake huwa moja: antena itakaa wapi?

Swali hilo lina majibu matatu yanayoshindana. Tangu Ian Akyildiz na wenzake walipochapisha makala yao kuhusu mitandao ya nano, yaani ya vifaa vidogo vinavyopimwa kwa sehemu za bilioni za mita, mwaka 2008, fani imekua na kugawanyika. Wako wanaoachilia molekuli zisambae zenyewe hadi kwa mpokeaji. Wako waliobaki na mawimbi, ila ya terahezi (yanayotetema mara trilioni kwa sekunde), kwa antena za grafini, aina ya kaboni nyembamba mno. Na wako wanaompakia bakteria DNA na kumwacha aogelee nayo.

Ulinganisho huu ni wa mwanafunzi wa uhandisi, fizikia au biolojia anayetafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho, na wa mwalimu atakayemsimamia. Njia zote tatu zinapimwa kwa vigezo vilevile. Upendeleo wangu hautajificha sana, ila msomaji mwenye haja tofauti na yangu ana kila sababu ya kuchagua tofauti.

Vigezo vya kupimia

Vinne vinatosha. Umbali na muda: ujumbe unafika mbali kiasi gani, na baada ya muda gani. Kelele: nini kinauharibu njiani, na ni biti ngapi, yaani alama za 0 au 1, zinafika salama. Nguvu na usalama: mtumaji ataishi kwa nishati gani, na mwili utavumilia? Kazi ya mikono: ni kipi unachoweza kukijaribu mwenyewe ukiwa Malindi, Lamu au Kilifi, bila maabara ya mamilioni.

Kigezo cha pili ndicho kinachoitenga fani hii na kemia ya kawaida. Nadharia ya habari aliyoichapisha Claude Shannon mwaka 1948 haijali ujumbe umebebwa na nini. Inataka kujua tu kwamba kuna mtumaji, njia, kelele na mpokeaji, kisha inauliza njia hiyo inaweza kupitisha biti ngapi bila kupotosha. Waya wa simu una jibu lake, na utando wa seli nao una lake. Shannon mwenyewe hakuwa mgeni wa biolojia: tasnifu yake ya udaktari pale MIT, mwaka 1940, ilihusu hesabu za jenetiki. Lakini ni yeye huyohuyo aliyeandika mwaka 1956 kuwaonya watu waliokuwa wakiibandika nadharia yake kila mahali, biolojia ikiwemo. Onyo hilo lingali na kazi. Ukishapima biti zinazoingia kwenye seli, bado hujajua seli imeambiwa nini.

Njia ya kwanza: molekuli zinazosambaa

Umbali na muda. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Molekuli iliyoachiliwa kwenye maji haina njia nyoofu. Inagongwa na molekuli za maji kutoka pande zote na kutangatanga, na kwa sababu hiyo muda wa kufika hauendi sambamba na umbali. Unakwenda na mraba wake. Chukua molekuli ndogo yenye kasi ya kusambaa ya mikromita za mraba 500 kwa sekunde, ambayo ni ya kawaida majini. Mikromita 10, yaani upana wa seli moja, itazikata kwa takriban sekunde 0.1. Milimita 1 itachukua kama dakika 17. Sentimita 1 ni zaidi ya siku nzima, kama saa 28.

Zitazame tena tarakimu hizo kabla ya kuandika pendekezo lolote. Mara kwa mara utakutana na mradi unaosema «kifaa kitatoa molekuli kwenye kidole na kingine kitazipokea kwenye bega», na aliyeuandika hakupiga hesabu hii. Njia pekee ya kumwokoa ni mkondo wa damu, ambao hubeba molekuli kwa kasi isiyolingana kabisa na kusambaa. Ila ukishaingiza mkondo wa damu, hesabu zako nazo zinabadilika, na si kidogo.

Kelele. Tatizo kubwa la molekuli ni kwamba haziondoki. Ukituma biti ya kwanza, baadhi ya molekuli zake bado zinazurura wakati biti ya pili inaingia, na mpokeaji hajui hizi ni za sasa au za zamani. Ni sawa na udi uliofukizwa jana kwenye nyumba za Lamu zilizobanana: mpita njia wa leo ananusa harufu kichochoroni, lakini hawezi kuapa imetoka nyumba ipi wala siku ipi. Kuna pia kelele ya kuhesabu. Howard Berg na Edward Purcell walionyesha mwaka 1977 kwamba hata seli yenye vipokezi bora ina mpaka wa usahihi, kwa sababu molekuli zinaigonga kwa bahati nasibu. Mwaka 2011 kundi la watafiti lilipima ni habari kiasi gani seli moja inapata kupitia ishara ya TNF, protini inayotangaza uvimbe mwilini. Jibu lilikuwa biti 0.92. Haifiki hata ndiyo au hapana kamili. Seli nyingi zikisikiliza pamoja, kiasi hicho hupanda.

Nguvu na usalama. Hapa molekuli zina raha. Kusambaa hakugharimu nishati. Gharama iko kwenye kuzitengeneza na kuzihifadhi. Na mwili umezoea, maana homoni zote ni ujumbe wa aina hii. Hatari iko upande wa pili: ukichagua molekuli inayofanana na homoni ya mwili, ujumbe wako utasikilizwa na viungo ambavyo hukuvikusudia.

Kazi ya mikono. Ushindi wa wazi, kwa maoni yangu. Mwaka 2013 Nariman Farsad, Weisi Guo na Andrew Eckford walituma maneno «O Canada» kwa kupuliza mvuke wa spiriti mezani: kinyunyizio upande mmoja, feni ya kusukuma hewa, na kihisi cha alkoholi upande mwingine. Puliza ni 1, nyamaza ni 0. Kila biti ilichukua sekunde kadhaa. Si nano, ni mita chache za hewa, lakini matatizo ni yaleyale: mabaki ya biti iliyopita, kihisi kinachochelewa kupoa, upepo usiotabirika.

Vifaa vyake havina makuu. Kihisi cha alkoholi cha MQ-3 na ubao wa Arduino, kompyuta ndogo ya kusoma vihisi, hupatikana kwa wauza vifaa vya elektroniki Mombasa na Nairobi, na spiriti iko kwa kila muuza dawa. Lakini kuna mambo ambayo makala za Ulaya na Marekani hazitakwambia. MQ-3 ina kipasha joto ndani yake, na isipopata moto wa kutosha namba zake zinayumba. Stima ikipotea katikati ya jaribio, hata kwa dakika chache, usiendelee pale ulipoachia: ipashe upya, pima upya kiwango cha hewa tupu, ndipo urudi kwenye biti. Unyevu wa hewa yetu nao unasogeza namba, kwa hiyo kipimo cha asubuhi usikichanganye na cha saa nane mchana. Na kusi ikivuma, funga madirisha, la sivyo utakuwa unapima upepo. Spiriti inashika moto. Jiko na sigara vikae mbali.

«Mwalimu, huu si mchezo wa marashi tu?» ndilo swali utakaloulizwa na mwanafunzi wa uhandisi. Jibu: «Mchezo ndio, mwanangu. Sasa niambie una biti ngapi kwa dakika, na makosa mangapi kwa kila biti 100.»

Toleo la majimaji linavutia zaidi. Mwaka 2016, Farsad akiwa Stanford na Andrea Goldsmith, walituma ujumbe kwa siki na dawa ya kusafishia vioo, mpokeaji akisoma kiwango cha asidi. Uzuri wake ni kwamba asidi na besi zinauana. Biti ya pili inafuta mabaki ya ya kwanza, na kelele niliyoieleza hapo juu inapungua kwa kemia yenyewe. Ukiiga jaribio hilo, dawa ya kuchubua nguo yenye klorini isikaribie meza. Ikikutana na siki au amonia hutoa hewa ya sumu.

Inamfaa nani: anayetaka namba zake mwenyewe, na aliye tayari kukaa na hesabu za nasibu.

Njia ya pili: mawimbi ya terahezi

Umbali na muda. Mawimbi yana kasi ya mwanga, kwa hiyo muda si tatizo. Tatizo ni antena. Antena ya chuma ya urefu wa mikromita 1 inahitaji masafa ya karibu terahezi 150, ambayo ni magumu mno kwa kifaa kidogo kuyatoa. Grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja ambalo Andre Geim na Konstantin Novoselov walilitenga mwaka 2004 na kupewa Nobel mwaka 2010, inabadilisha hali. Umeme husafiri juu yake kwa namna inayofupisha wimbi, na antena ya udogo huohuo inaweza kufanya kazi kati ya terahezi 0.1 na 10. Hapo ndipo kambi hii ilipojenga nyumba yake.

Katika hewa kavu au ndani ya chipu, ukanda huo ni mpana kiasi kwamba data inaweza kupita kwa kasi ambayo molekuli hazitaifikia kamwe. Ndani ya mwili ni habari nyingine. Maji huyameza mawimbi ya terahezi, na mwili wetu ni maji zaidi ya nusu. Umbali wa mawasiliano unashuka hadi kiwango cha milimita au chini yake.

Kelele. Molekuli ya maji ikishameza wimbi, hurudisha sehemu ya nishati hiyo kama mnong'ono usio na maana. Kwa hiyo kelele inapanda kila unapotuma, jambo ambalo mhandisi wa redio ya kawaida halitarajii. Na mvuke wa maji hewani hufanya hivyohivyo: kiungo cha terahezi kilichopimwa mahali pakavu hakitatoa namba zilezile kwenye joto na unyevu wa Malindi mwezi wa Aprili.

Nguvu na usalama. Kifaa cha nano hakina nafasi ya betri ya maana. Wengi huweka tumaini kwenye nyuzi za zinki oksidi zinazotoa umeme zikipindwa, ambazo Zhong Lin Wang alizionyesha mwaka 2006. Mapigo ya moyo au mtiririko wa damu ungezipinda. Umeme unaopatikana ni kidogo, ndiyo maana wanatuma mapigo mafupi mno, ya femtosekunde 100 hivi, kisha kimya kirefu. Mawimbi haya hayavunji DNA kama eksirei, lakini yanapasha joto, na mtu anayependekeza kuyaweka mwilini lazima ahesabu joto hilo.

Kazi ya mikono. Vifaa vya kupimia terahezi ni ghali na sitakudanganya kwamba utavipata kwa urahisi hapa pwani. Kinachobaki ni uigaji kwenye kompyuta. Programu ya ns-3 ya kuigia mitandao ni ya bure, na juu yake kuna Nano-Sim na TeraSim zilizotengenezwa kwa ajili ya mitandao hii. Kompyuta ya mkononi ya kawaida na uvumilivu wa kusoma lugha ya programu ya C++ vinatosha kuanza.

Inamfaa nani: mhandisi wa redio asiyetaka kuiacha elimu aliyokwisha kuilipia, na anayelenga chipu au vihisi vya juu ya ngozi zaidi kuliko ndani ya damu.

Njia ya tatu: bakteria wanaobeba DNA

Umbali na muda. E. coli, mwenye urefu wa mikromita 2 hivi, huogelea kwa mikromita 20 hadi 30 kwa sekunde. Angekwenda moja kwa moja, milimita 1 ingemchukua sekunde 33 hadi 50. Lakini haendi moja kwa moja: anakimbia kama sekunde moja, anajipindua, anaelekea upande mwingine. Anachoweza kufanya, tofauti na molekuli, ni kufuata harufu ya chakula. Weka kivutio upande wa mpokeaji na safari inapata mwelekeo.

Mzigo ndio sababu ya kumtumia. Kila herufi ya DNA ni biti 2. Plasmidi, kipande kidogo cha DNA cha mviringo, yenye jozi 5,000 za herufi inabeba biti 10,000, na ujumbe mmoja wa simu wa herufi 160 ni biti 1,120. Bakteria mmoja, basi, ana karibu jumbe tisa tumboni. Anawasili taratibu, na kumkabidhi mwenzake plasmidi kwa kujamiiana, ambako Joshua Lederberg na Edward Tatum walikugundua mwaka 1946, ni kazi ya dakika kadhaa.

Kelele. Hapa kelele ina sura nyingi: bakteria anakufa, anapotea, anadondosha plasmidi kwa kuwa ni mzigo, au herufi inabadilika akijizalisha. Kwa bahati, misimbo ya kurekebisha makosa inakubali kuandikwa kwa herufi nne za DNA, na kutuma bakteria wengi wenye ujumbe uleule kunafidia waliopotea.

Nguvu na usalama. Nishati anajitafutia mwenyewe, jambo ambalo njia nyingine mbili zinalionea wivu. Usalama ndio mtihani. Plasmidi ndizo zinazosambaza usugu wa dawa za antibiotiki kati ya bakteria, kwa makabidhiano hayahaya. Anayejenga mtandao wa bakteria lazima aeleze ujumbe wake utazuiwaje usiingie kwa wapita njia. Hapa Kenya, kazi yoyote ya viumbe waliobadilishwa vinasaba iko chini ya Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009 na mamlaka iliyoundwa kuisimamia. Ruhusa kwanza, jaribio baadaye.

Kazi ya mikono. Bila maabara ya mikrobiolojia yenye kifaa cha kuua vijidudu kwa mvuke na msimamizi anayejua kazi, usijaribu. Uigaji unawezekana, na hesabu zake ni nzuri.

Inamfaa nani: mwanabiolojia anayetaka kujifunza misimbo, kuliko mhandisi anayetaka kujifunza kukuza bakteria kwa miezi mitatu.

Zilizobaki, kwa ufupi

Kuna mawimbi ya kalsiamu yanayoruka kutoka seli hadi seli, na kuna neva. Neva ninaitaja kwa sababu inawaumbua wote wanaotaka mshindi mmoja. Ishara ya umeme hukimbia kwenye neva zenye kasi hadi karibu mita 120 kwa sekunde, kisha ikifika kwenye pengo la nanomita 20 kati ya neva mbili, inageuka kuwa kemikali. Kwa kipimo kilekile cha kusambaa nilichotumia juu, pengo hilo linavukwa kwa chini ya mikrosekunde 1. Umeme kwa mbali, molekuli kwa karibu. Bakteria wa baharini Vibrio fischeri nao wanachanganya: hutoa molekuli, wakishakuwa wengi kiasi cha kuzihisi huanza kung'aa pamoja, jambo lililoelezwa na Nealson, Platt na Hastings mwaka 1970.

Uchague kwa hali yako

Ukiwa na muhula mmoja, bajeti ya mfukoni na hamu ya kuona kitu kikifanya kazi mezani, chukua molekuli, na uanze na hewa kabla ya maji. Usiahidi nano kwenye kichwa cha mradi. Sema ni mfano mkubwa wa njia ya molekuli, na mtahini atakuheshimu.

Ukiwa umesomea redio na unaota kazi kwenye mawasiliano ya kizazi kijacho, terahezi itakufungulia milango zaidi, hata kama kila ulichofanya kimebaki kwenye kompyuta. Chagua umbali mmoja na unyevu mmoja wa hewa, ueleze vizuri, kuliko kuchora mwili mzima.

Ukiwa na mwalimu wa mikrobiolojia anayekukubali na maabara yenye kibali, nenda na bakteria. Usipokuwa na vyote viwili, andika uigaji wa misimbo ya DNA na uache viumbe hai kwa mradi wa baadaye.

Ukiwa unafikiria dawa inayotolewa mahali maalumu mwilini, pima kwanza umbali kati ya mtumaji na mpokeaji. Chini ya mikromita 100, molekuli zinatosha. Ukivuka hapo, utahitaji mkondo wa damu au njia mbili zilizounganishwa, na kiwango cha IEEE, shirika la wahandisi wa umeme na elektroniki, namba 1906.1 cha mwaka 2015 kitakusaidia kuzieleza zote kwa lugha moja, maana kiliandikwa kwa molekuli na mawimbi pamoja.

Na ukiwa mwalimu wa sekondari mwenye darasa la wanafunzi 50 na hakuna Arduino hata moja, chukua karatasi ya litmasi, siki na maji ya magadi. Mwanafunzi mmoja atume neno la herufi tatu, mwingine asome bila kuambiwa, na darasa lihesabu biti zilizopotea.